Darubini na Fundi wa Miwani

Kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea, pale uwanja wa ndege, kila mtu ana haraka, kila mtu ana uchungu, na wengine wana uongo. Asubuhi ile ndege tatu zilikuwa zimetua kwa mpigo. Watu walisukumana, watoto walilia, na nyuma ya kaunta alikaa dada mmoja wa sare ya buluu iliyonyooka kwa pasi, midomo ameipaka rangi ya zambarau, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Wenzake walimwita Darubini. Kwa miaka tisa alikuwa akiwahoji wanaodai mabegi yasiyo yao, na alikuwa na sheria zake: mwongo hukwepa kusema "mimi", hutafuta maneno, na macho yake hukimbia kabla ya jibu.

Akaja mwanamume mrefu, shati jeupe, mikono kaikunja hadi kwenye viwiko.

"Umepoteza nini, kaka?"

"Sanduku. Dogo, la kijani."

"Ndani kuna nini?"

Macho yakakimbilia ukutani. Akameza mate. "Vioo."

"Vioo gani?"

"Vya... vya kuvaa usoni."

"Miwani, unamaanisha?"

"Hivyo hivyo, dada."

Darubini akamwekea alama ya mwongo kwenye fomu. "Jozi ngapi?"

"Arobaini. Thelathini za wazee, kumi za watoto. Zote nimezisaga kwa vidole hivi."

Sanduku likapatikana, likafunguliwa mbele yake. Jozi arobaini, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Darubini, ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba radhi, akajikuta anaomba.

"Kumbe nilikuwa nimeshafungwa tayari?" yule mwanamume akacheka. "Kosa langu nini, sura?"

"Sura yako haina kosa," akajibu, akashangaa mwenyewe kusikia alichosema.

"Basi pitia dukani kwangu nikupime hayo yanayonitoboa."

"Macho?"

"Hayo hayo."

Akapita. Akapita tena. Miezi minne ikaisha kwa chai za jioni katika duka lile dogo lililojaa fremu, na kwa jumbe za simu zilizomfanya Darubini acheke peke yake kwenye foleni ya benki. Fundi alimwita laazizi. "Umetoka karne gani wewe?" Darubini alimtania, huku moyoni anayeyuka.

Lakini simu hapigi.

"Kwa nini hunipigii, Fundi?"

"Napenda kuandika."

"Hata sauti yangu huitamani?"

"Yako naitamani. Yangu ndiyo haina faida."

Jibu hilo lilimtia shaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mchumba wake wa kwanza alikuwa na nyumba nyingine upande wa pili wa jiji, na yeye, bingwa wa kunasa waongo, alikuwa wa mwisho kujua. Alijiapiza kwamba hatachekwa mara mbili.

Jumamosi moja akiwa anapita dukani bila taarifa, akaona kupitia kioo msichana wa gauni la njano akimfunga Fundi kifungo cha shati, wote wawili wanacheka. Hakuingia. Jumatatu, wakiwa mgahawani wakati wa chakula cha mchana, akauliza kwa sauti aliyoizoea kazini.

"Yule dada wa gauni la njano ni nani?"

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Midomo ikabanana, mshipa wa shingo ukasimama, macho yakarukia dirishani. Darubini akahesabu sekunde nne kamili. Kisha jibu likateleza: "Ndugu yangu."

"Ulikuwa na jibu moja mdomoni, ukanipa jingine."

"Si hivyo, laazizi..."

"Usiniite laazizi! Miezi minne hujawahi kuniita mpenzi hata kwa bahati mbaya. Simu hupigi. Kila jambo unalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi." Akanyanyua mkoba. "Hii ni kazi yangu, Fundi. Uongo nikiuona naujua."

Alimngoja ajitetee. Fundi alitazama meza, na Darubini akauhesabu ukimya ule kuwa ndiyo hukumu. Akaondoka.

Siku kumi na moja hakufungua ujumbe wake hata mmoja. Siku ya kumi na mbili akiwa stoo, katikati ya masanduku yasiyo na wenyewe, simu ikaita. Fundi. Fundi anapiga! Akapokea kwa hasira.

Kimya. Kisha, "M... mmm... m..."

"Nani anachezea simu?" Kidole kilikuwa tayari kukata. Lakini hapa hapakuwa na macho ya kusoma wala shingo ya kuchunguza. Kulikuwa na sauti tu, inajitutumua kama mtu anayesukuma gari mlimani.

"M-m-mdogo wangu. Yule ni m... mdogo wangu. M-mimi nina kigugumizi. Tangu utotoni. Neno likitaka kukwama naliona linakuja, nalikwepa, nachukua jingine. Kwenye simu ndiko huwa nakwama zaidi."

Darubini akakaa juu ya sanduku. "Mbona hukuniambia?"

"Wewe unaona kila kitu. Nilitaka kitu kimoja usikione."

Akalia, kwa aibu na kwa mapenzi, hakujua kipi kilizidi. Akaomba ruhusa na kwenda dukani na sare yake hivyo hivyo. Fundi alizima mashine ya kusagia vioo.

"Nimekosa," Darubini akasema. "Nilikusoma kama msafiri wa kaunta."

"Ulisoma vizuri tu. Nilikuwa naficha." Akafuta vidole kwa kitambaa. "Ila ukinikazia hivyo, yanakwama zaidi."

Darubini akafumba macho. "Basi sema, sikuoni."

Akasikia hatua, kisha pumzi karibu na uso wake.

"Fumbua," Fundi akasema. "Nataka unione."

Akafumbua.

"Nataka uwe m..." Midomo ikabanana. Mshipa ukasimama. Macho yakakimbilia dirishani, na safari hii Fundi akayarudisha, yakatulia kwake. "M... mmm..." Darubini alilijua neno lile. Ulimi ulimwasha kulimalizia, amtue mzigo. Akaubana kwa meno, akangoja.

"...m-mke wangu."

"Nimekubali," akasema, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola ya sare. "Ila rudia."

"Unataka kuniua?"

"Nimelipenda. Rudia."

Fundi akacheka, akavuta pumzi, akaanza upya. Safari hii lilichukua muda mrefu zaidi, na Darubini hakuwa na haraka hata kidogo.