Simu Iliyomkana MaZungu

Kila asubuhi Nondumiso aliwasha moto, akampikia bibi yake uji, kisha akashuka bonde mbio kwenda shule. Bibi huyo, ambaye mji mzima wa Nongoma ulimwita Gogo MaZungu, yaani bibi wa ukoo wa Zungu, alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kilichokataa kupona.

Zahanati ilipoanza kupokea maombi ya dawa kwa simu, nesi Hlengiwe alimweleza Gogo: mgonjwa atamke sentensi moja mara kadhaa, mashine ijifunze sauti yake. Baada ya hapo, akipiga na kutambuliwa, sindano zake za kisukari zitaletwa duka la jirani.

Siku ya kujiandikisha, Gogo alikuwa shambani akipalilia maharagwe, na Nondumiso alikuwa anachelewa netiboli. Akapiga simu yeye, akakwaruza koo, akaitamka sentensi kizeezee.

"Tayari, Gogo!"

"Mbona hukuniita?"

"Wamesema hata mimi naweza."

Basi akawa yeye ndiye mpigaji kila mwezi, hadi timu yao ilipokwenda mashindanoni Durban kwa wiki mbili. Huku nyuma dawa zikaisha.

Gogo akapiga mwenyewe, akiwa dukani.

"Sauti hii si ya MaZungu," simu ikajibu.

Akarudia polepole, akarudia kwa hasira, mpaka koo likamkauka.

"Gogo, umeiba jina la nani?" mwenye duka akacheka. "Hata simu inakukana!"

Aibu ikamrudisha nyumbani. Akajifungia, asimwombe mtu msaada.

Nondumiso aliporudi, alimkuta hospitalini, majirani walikompeleka. Kidonda kilikuwa kimeoza, vidole viwili vimekatwa. Akaangua kilio, akamweleza nesi Hlengiwe yote.

"Ndani ya mashine ile mna mtandao unaoiga ubongo," nesi alisema. "Hauoni uso wala hauulizi ukoo. Unashika sauti uliyofundishwa. Wewe uliufundisha uongo, nao ukaushika."

Sauti ya Nondumiso ikafutwa. Gogo akaitamka sentensi upya, akiwa kitandani.

"Karibu, MaZungu," simu ikasema.

Gogo hakutabasamu. "Vidole nitavizoea, mjukuu wangu. Lakini siku zile nililala nikijiuliza kama mimi bado ni mimi."

"Nisamehe, Gogo."

"Njia ya mwongo ni fupi," nesi alisema, "lakini safari hii mwingine ndiye aliyefika mwisho wake. Ukitaka kuaminiwa tena, Nondumiso, itabidi usubiri."

Gogo alimwachia mkono aushike. Uso aliugeuzia ukutani.