Njaa ya Kila Harusi

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Evaresta wa Rugera, hapa kwetu Karagwe, alipita mbele yako, ameshika ukuta wa duka asianguke, nawe ukamsifu. "Mama Renatha, umepungua! Umependeza!" Macho yako yalikuwa kwenye kiuno chake. Hukutazama midomo iliyokauka. Hukuuliza amekula nini. Basi keti, usome alichokula.

Hakula kitu.

Evaresta na mumewe Egbert wana shamba la migomba na kahawa. Jioni Evaresta humenya ndizi, huzipika pamoja na maharage, hufunika sufuria kwa majani ya mgomba. Jioni ile alimpakulia Egbert. Akampakulia binti yao, Renatha. Yeye mwenyewe akajimiminia kikombe cha maji ya moto yenye limau.

"Na wewe?" Egbert aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshibaje? Tangu asubuhi sijakuona ukitafuna."

"Kula wewe. Harusi ya mdogo wako inakaribia, na sare hainiingii."

"Si umwambie fundi aiongeze?"

"Aiongeze, ili mawifi waseme nini?"

Egbert akarudi kwenye sahani yake, akala. Naye aliona, akageuza shingo. Kama wewe.

Kwetu mtu asiyekula ndizi husema hajala, hata akila wali sinia zima. Evaresta aliziacha ndizi kabisa. Aliambiwa ndizi ndizo zinazonenepesha. Akaacha na maharage. Harusi zetu huja kwa mkupuo, kahawa ikishauzwa. Wanawake wa ukoo hununua kitenge kimoja, hushona mshono mmoja, na mpiga video huwazungukia wote. Evaresta aliiogopa video ile kuliko ugonjwa.

Alipungua kweli. Sare ikaingia. Mkamsifu. Harusi ilipokwisha, njaa aliyokuwa ameifunga ikakata kamba. Akala ndizi, akala maandazi, akanywa soda, akala tena kabla ya kulala. Mwili ukarudi, ukaongeza. Ikaja kipaimara cha mtoto wa jirani, akaanza tena maji ya limau. Ikaja jubilei ya padre, akaanza tena. Kila sherehe na njaa yake. Kila njaa ilimwacha mnene zaidi na dhaifu zaidi. Debe la kahawa alilokuwa akilibeba huku anaimba, sasa alilibeba kwa kupumzika njiani.

Kisha Renatha mwenyewe akaposwa na kijana wa Kimuli, kule Kyerwa. Evaresta alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Kwa muda mrefu alikuwa akisema, "Siku ya kumuaga Renatha, nitaingia ukumbini nikicheza, nimebeba keki, nimlishe kwa mkono wangu." Hakutaka kitu kingine duniani.

Wifi yake, Anonciata, alikuja kutoka Bukoba kwa kikao cha sherehe. Alimtazama mlangoni, akashika kiuno.

"Hee, wifi! Umeumuka hivyo umetiwa hamira? Mama wa bibi harusi utapitaje? Tubomoe mlango wa ukumbi?"

Watu wakacheka. Evaresta naye akacheka. Hilo ndilo linaloniuma. Alicheka.

Watu wa Karagwe tuna usahaulifu mbaya. Bibi zetu walitusimulia kwamba zamani, hapa hapa, wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama. Aliyekataa alisimamiwa na fimbo. Uzuri ulikuwa unene. Leo wajukuu wao wanaambiwa uzuri ni kuhesabika mbavu. Fimbo haikutupwa, imebadilisha mkono tu. Mwenye mwili hakuulizwa zamani, na leo haulizwi.

Safari hii Evaresta alijinyima kuliko safari zote. Akaanza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Yalikuja, yakapanda mpaka begani, yakaondoka. Alimweleza muuza dawa za kupunguza tumbo pale gulioni.

"Vizuri sana, mama!" muuza dawa akasema. "Hayo ni mafuta yanayeyuka. Ongeza dawa."

Akaongeza.

Mukandekezi, jirani yake tunayemwita Mama Niyonsenga, ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alipita kumwona, akamkuta ameinama kwenye kitanda cha kuanikia kahawa, ameshika mbavu.

"Mama Renatha, maumivu hayo twende zahanati yakatazamwe. Na njaa hiyo iache. Ukitaka kupungua, kuna njia ya polepole."

"Polepole? Sherehe hiyo hapo! Na wewe, Mama Niyonsenga, ulivyo mwembamba kama ufito wa kutegemezea migomba, utajua nini shida za wanene?"

"Sijui za wanene. Najua za wagonjwa."

"Baada ya sherehe nitakuja."

Siku moja kabla ya sherehe, ng'ombe alichinjwa. Wapishi walikaanga nyama uani tangu mchana. Harufu ile ilimshinda Evaresta. Alichukua kipande kimoja cha mafuta, akachukua kingine, akala amesimama, akala kama mtu anayefukuzwa. Kabla jua halijazama alikuwa chini, amekunja magoti, anatapika, jasho linamtoka. Egbert akakodi gari, wakamkimbiza hospitali.

Walikuta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kifuko kilikuwa kimevimba, kimepata maambukizi. Daktari akasema apasuliwe kitolewe, asirudi nyumbani.

"Daktari, niache kesho tu," Evaresta aliomba. "Kesho namuaga mwanangu. Keshokutwa nipasue unavyotaka."

"Mama, ukitoka hivi, huenda mwanao akakuaga wewe."

Wageni walikuwa wameshafika. Chakula kimeshapikwa. Sherehe haikungoja. Evaresta akapasuliwa.

Egbert alimletea simu wodini, aione video. Evaresta aliiona keki ikiingia ukumbini. Aliyeibeba alikuwa Anonciata. Alimwona Renatha amesimama kwenye gauni lake, watu wanapiga vigelegele, naye anatazama mlangoni. Anatazama tu. Hata kipande cha keki kilipofika mdomoni, macho yalikuwa mlangoni.

"Zima," Evaresta alisema.

Renatha akaenda Kimuli. Mama hakumuaga. Jambo hilo halirudiwi. Hakuna mpiga video wa kulirudia.

Anonciata alikwenda kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Wifi, mimi nilikuwa natania."

"Najua. Na mimi nilicheka."

Evaresta aliporudi nyumbani, Mukandekezi alikuja na mboga za dodo, mchicha wa kwetu, kutoka bustanini kwake. Hakusema "nilikuambia." Aliketi jikoni, akaanza kuzichambua.

"Mama Niyonsenga, mawe yaliingiaje tumboni mwangu?"

"Hayakuingia. Yaliumbika humo humo. Nyongo hukaa kwenye kifuko chini ya ini. Ukila, kifuko hujikamua, nyongo inakwenda kusaga mafuta. Usipokula, inatuama. Na mwili ukipungua kwa haraka, nyongo inajaa mafuta kupita kiasi, inaganda. Si kila mtu inampata, na wapo wanaougua bila kujinyima. Lakini anayepungua ghafla kila mara, anajiweka njiani."

"Na kwa nini nilizidi kunenepa? Nilikuwa nafunga kuliko watawa!"

Mukandekezi akacheka kidogo. "Mwili haujui kuna harusi. Unadhani njaa imeingia nchini. Unabana matumizi, unakula mpaka misuli yako, ndiyo maana debe lilikushinda. Ukipata chakula, unaweka akiba. Njaa nyingine ikija, unaongeza akiba."

"Kwa hiyo niache ndizi au nisiache?"

"Nani alikuambia ndizi ni adui? Adui ni mlima wa ndizi usio na mboga pembeni, na mafuta ya kuogelea, na soda, na sukari vijiko vinne kwenye chai. Kula asubuhi, mchana na jioni. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Robo iwe ndizi au ugali. Robo iwe maharage au samaki. Shamba lako lina parachichi na mapapai, unayauza yote, kisha unanunua maandazi!"

"Nitapungua?"

"Huenda, polepole. Huenda kidogo tu. Lakini utakuwa na nguvu, na tutakupima presha na sukari tujue unaendeleaje. Hiyo si kazi ya msimu, mama. Ni ya kila siku, hata kusipokuwa na harusi."

Haikuwa rahisi. Mwanzoni Evaresta aliogopa sahani kama mtu anavyoogopa nyoka. Egbert naye alibadilika. Aliacha kula peke yake. "Sianzi mpaka uanze," alisema, akaweka mikono magotini, chakula kikapoa. Ikabidi Evaresta aanze. Wakalima mboga nyuma ya nyumba. Soda ikawa ya sikukuu. Hakuwa mwembamba. Ni mnene kidogo mpaka leo. Lakini hasikii kizunguzungu, na debe la kahawa limerudi kichwani pake. Presha yake iko sawa.

Juzi Renatha alipiga simu kutoka Kimuli. Ana mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti ndogo?"

"Nimechoka tu. Hapa wananicheka tumbo, wanasema nimezaa lakini tumbo limebaki. Nimeanza maji ya limau. Asubuhi nanywa, jioni nanywa."

"Na chakula?"

Renatha akaanza kueleza mtoto anavyolala.

Evaresta hakutoa hotuba kwenye simu. Alimwita dereva wa bodaboda, akafunga kapu la ndizi na parachichi, akaondoka bila kubadili kanga. Alifika Kimuli amejaa vumbi. Hakusalimia kwa kirefu. Aliomba jiko, akapika, akampakulia binti yake ndizi, maharage na dodo, akajipakulia na yeye.

"Mama, na wewe uliyepasuliwa, safari yote hii..."

"Unanyonyesha. Kula. Sianzi mpaka uanze."

Renatha alianza kula huku analia. Mama yake alimsogezea parachichi, akamshika kidole kimoja, hakukiachia mpaka sahani ilipokwisha.

Sasa wewe. Unamjua mmoja. Ni dada yako, ni mkeo, ni binti yako wa sekondari anayesema ameshiba kabla hajala. Usisubiri kikao, usisubiri semina. Ana maumivu? Mpeleke zahanati leo. Anajinyima? Funika kitabu hiki, pika, nenda ukale naye. Simama. Nenda sasa hivi.