Gunia la Madume

Pale kwenye jengo la kutotoleshea vifaranga walimwita Vidole, na jina likamkaa. Kwa kuchambua, hakuna aliyemfikia. Kifaranga akitoka kwenye mashine bado ana joto la yai, Vidole anamdaka kwa mkono wa kulia, anamkunjua bawa chini ya taa, anatazama manyoya yamejipanga vipi, basi. Jike anawekwa kwenye trei. Dume, mkono wa kushoto unashuka pembeni na kumwachia guniani, wala Vidole hatazami anakoangukia. Jike atataga. Dume wa mbegu ile ya kuku wa mayai hatagi na nyama hana, atakula tu chakula cha watu.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti lake. Madume wote walitakiwa kuuawa kwanza, mmoja mmoja, kwa kuvunjwa shingo, ndipo wakafukiwe kwenye shimo nyuma ya uzio. Ni kazi ya kuchosha na haipendezi, na Vidole alishaiacha zamani. Alikuwa anafunga gunia hivyo hivyo, linalia, linatikisika, analitupa shimoni na kulishindilia udongo. Nani angejua?

Dada mmoja aliyekuwa akipanga trei alijua. Alimwambia siku moja kwamba hao viumbe hawakuomba kuja; sisi ndio tuliowaita duniani kwa mashine zetu, kwa hiyo wajibu tunao, na kama ni lazima wafe basi tusiwazike hai. Vidole alicheka mpaka akashika mbavu. Wajibu kwa kuku! Akamuuliza kama aliwahi kumwona kifaranga akienda kushtaki. Halafu akafunga mjadala kwa ile methali yake ya siku zote, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Sasa, jioni moja, jua ndiyo linazama, Vidole alikuwa na haraka ya kweli. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu mchana. Mimba zote za nyuma ziliharibika. Hii ndiyo ya kwanza kufika, na nyumbani watu waliiogopa hata kuitaja kwa sauti. Mama yake Vidole alikuwa ameenda kumtafuta mkunga. Vidole mwenyewe kaambiwa awahi nyumbani. Akaburuta gunia hadi shimoni, akalitumbukiza, akashika koleo.

Pyii... pyii... pyii...

Kwa kawaida, kila koleo la udongo likiingia, sauti inafifia. Jioni ile haikufifia. Alifukia, akakanyagakanyaga, akasimama juu yake. Sauti ilikuwa ile ile, chini ya nyayo zake.

"Una haraka, baba."

Mwanamke mtu mzima alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo. Amejitanda shuka la manjano lililopauka, na kichwa kakiinamisha upande mmoja, anamtazama kwa jicho moja. Vidole alinusa harufu ya ndani ya mashine: joto, unyevu, maganda ya mayai. Akadhani labda ni mfanyakazi mpya. Mwanamke akasema hapana, yeye ni mkunga, ameelekezwa apitie huku waende pamoja.

Jamani, mtu mwenye mke kitandani hachunguzi. Vidole alishukuru, akatangulia.

Njiani mwanamke alimuuliza alikuwa anafukia nini. Vidole akamweleza, tena kwa utani, jinsi jike anavyobaki na dume anavyokwenda. Mwanamke alikuwa akitembea hatua fupi fupi, nyuma yake kidogo. Hakucheka.

"Dume kosa lake nini?" alinong'ona.

"Hana kosa, mama. Hana faida tu."

"Na kinachotazamwa ni faida?"

"Ni faida."

"Kwa yeyote?"

Kusema kweli Vidole hakulisikiliza hilo swali. Alikuwa ameona taa ya dirisha la kwake.

"Kwa yeyote, mama. Tuwahi."

"Basi tumekubaliana," alisema yule mwanamke, akamshika mkono kama wafanyavyo watu waliopatana. Kiganja chake kilikuwa laini, na kilikuwa na joto la yai.

Nyumbani mama hakuwa amerudi. Mkunga akapita moja kwa moja hadi chumbani na kushusha pazia. Vidole akabaki sebuleni, mara akae, mara asimame. Mkewe alipiga kelele, akanyamaza, akapiga tena. Halafu kikasikika kilio kipya, chembamba, chenye hasira. Mtoto! Mzima! Vidole alilia, mtu mzima yule, akafuta uso kwa shati lenye manyoya ya vifaranga, na hakuweza kungoja aitwe. Akalifunua pazia kidogo.

Mkunga alikuwa amemshika mtoto kwa mkono wa kulia, chini ya taa. Hakumtazama pale wakunga wanapotazama. Alimkunjua mkono, akaunyoosha, akaugeuza kwenye mwanga...

Vidole aliujua mtindo ule. Ulikuwa wake.

"Dume," alisema mwanamke, taratibu.

Mkono wa kushoto ukashuka pembeni.

Vidole aliruka. Kutoka kwenye pazia hadi kitandani ni hatua moja tu ya mtu, lakini alipofika hapakuwa na mtu ila mkewe. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Juu ya shuka palikuwa na manyoya madogo ya manjano, na ile harufu. Akamtikisa mkewe bega, akamuuliza mtoto yuko wapi, mtoto yuko wapi.

Mkewe alifungua macho kwa shida.

"Kamchukua. Amesema mlishakubaliana njiani."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mama yake aliingia anahema, na nyuma yake mwanamke mnene mwenye mkoba, mkunga aliyeitwa. Mama akauliza kama wamechelewa. Vidole alimpita, akakimbilia shimoni.

Udongo ulikuwa kama alivyouacha, na alama za viatu vyake juu. Akapiga magoti, akaweka sikio.

Pyii... pyii... pyii...

Na katikati yao, chini kabisa, mtoto analia. Alikisikia kilio kile mara moja tu maishani, lakini hakuwa na shaka. Akachimba kwa mikono. Akalitoa gunia, akalifungua, na vifaranga wakammiminikia magotini, hai, wana joto. Mtoto hamna. Chini ya gunia hilo palikuwa na jingine, la siku zilizopita, limefungwa kwa fundo lake mwenyewe, nalo linalia. Chini yake jingine. Na jingine. Kila analofungua, kilio cha mtoto kinatoka kwenye lile la chini yake. Vidole, ambaye sauti zile zote kwake zilikuwa kelele za chura, sasa alimshika kifaranga mmoja mmoja, akamweka sikioni, akamsikiliza mpaka mwisho, akamlaza pembeni asimuumize.

Watu waliokuja na taa hawakuona vifaranga hai. Waliona magunia yaliyooza na mtu anayezungumza na mifupa midogo. Polisi wanamtafuta mwanamke mwizi wa watoto mpaka leo. Yule dada wa trei alikuja asubuhi, akasimama kwenye uzio, akarudi kazini. Naye ndiye anayechambua siku hizi, na madume wake huwaua kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja, kisha huenda kutapika.

Shimo sasa linamzidi Vidole kimo. Kucha hana. Kila mara watu humtoa kwa nguvu, wakamwogesha, wakamshauri: mtoto gani wa kuishi chini ya udongo siku zote hizo? Naye kuna nyakati anakubali. Anakaa pembezoni, anafumba macho, anataka kulala.

Tatizo ni mkewe. Huja pale jioni, anaketi ukingoni, gauni lake limelowa maziwa kifuani, maziwa ambayo mpaka leo yanakataa kukauka. Hamlaumu. Hamwambii neno jingine lolote ila lile moja.

"Chimba. Bado analia."