Mbili Zikifanana

Mfuniko wa birika uligonga gizani, tik, tik, tik, kabla jogoo wa jirani hajawika. Generosa akapunguza mkaa, asije akamwamsha mwanawe Heri. Jana jioni simu iliita: "Ni mimi, Masunga. Namba nimepewa na fundi cherehani mwenzio. Kesho alfajiri napita hapo kwako Misunkumilo, nipe hata chai."

Miaka minne, halafu chai!

Walikutana mara ya kwanza soko kuu la Mpanda, Jumamosi ya vumbi na kelele za wauza dagaa. Masunga alisimama mbele ya cherehani ya Generosa, ovaroli ya bluu imechanika gotini.

"Dada, nishonee nikiwa nimeivaa. Sina nyingine."

"Na sindano ikikuchoma?"

"Nitalia kidogo tu."

Alikuwa fundi wa minara. Kazi yake kupima mawasiliano ya kwenda Mwese, kule milimani: katika kila herufi elfu zinazorushwa, ngapi zinaharibika njiani, na ngapi mtambo unazirekebisha wenyewe. Generosa, mwanafunzi wa masomo ya jioni, akataka kujua mtambo unalijuaje kosa.

"Tunatuma na ziada, mpenzi. Njia nyepesi kuliko zote ni kurusha neno mara tatu. Mbili zikifanana, hiyo ndiyo kweli."

Tangu hapo meseji zake zilikuja tatu tatu. Umekula? Umekula? Umekula? Mashoga wakacheka: "Msukuma wako ana kigugumizi cha simu!"

Masika yakaja, mnara wa Mwese ukazimika Masunga akiwa hukohuko. Generosa alikuwa na mimba, habari aliyotaka kumpa uso kwa uso. Akasubiri wasafiri, na habari zikaja tatu. Ya kwanza barua, kwa mkono wa bodaboda: "Mvua ikikatika nakuja na wazee, tulete posa." Ya pili akaileta muuza maharage: Masunga kaoa kule milimani. Ya tatu mama mmoja wa kanisani, neno lilelile.

Mwandiko aliujua. Lakini barua ilikuwa moja, na zile mbili zilifanana. Akavunja laini, akahama.

Sasa Masunga alikuwa mezani kwake, shati limepigwa pasi, kofia gotini.

"Wale wawili walisikia wapi?"

"Sikuuliza."

"Kwa Optatus, mtani wangu, mgahawani kule Mwese. Aliwatania wote meza moja kwamba nimeoa. Ni mdomo mmoja ule, Generosa! Kanuni ile inafaa makosa yakija kila moja kwa njia yake. Yakija pamoja, inakupa uongo na kukuapia kuwa ni kweli."

"Ungenitafuta."

"Nilikuja. Nikauliza watu watatu pale sokoni. Wote wakasema umeolewa Sumbawanga."

Generosa akashika ukingo wa meza. "Niliwaomba mimi waseme hivyo."

Chai ikafanya utando kwenye kikombe.

"Nimeoa mwaka juzi," Masunga alisema taratibu. "Yuko Mwamkulu. Tuna mtoto mchanga."

"Hongera," akasema Generosa.

Pazia likasogea. Heri akatoka akifikicha macho, fulana ya mama yake imemfika magotini, masikio yamechomoza kama mishikio ya sufuria. Masunga akajigusa sikio lake mwenyewe.

"Ana miaka mingapi?"

"Anatimiza minne mwezi wa nane."

Masunga akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia njiani. Akasimama, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto kama mtu anayepima joto.

"Nitakuja kumwona," alisema.

Mara moja tu. Generosa akasubiri alirudie, alirudie tena. Pikipiki yake ikanguruma nje, ikafifia upande wa Mwamkulu.

Heri akapanda kwenye kiti kilichokuwa bado na joto, akachungulia kikombe.

"Mama, mgeni hajanywa chai yake."