Unyayo Katika Ukuta wa Birika

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alifagia ua, akaosha vyombo, na kumaliza kazi zake zote kabla wenzake hawajapiga mswaki. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, maana mikono yake haikujua kutulia.

Jumamosi hii yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wakisafisha birika la zamani nyuma ya shule. Hapo kale mji mzima uliteka maji humo. Sasa lilikuwa kavu, na ofisa wa mji alikuwa njiani kuja kulikagua. Asipoona sababu ya kulihifadhi, lingevunjwa ili magari yapate pa kuegeshwa.

"Halivunjwi ng'o!" Chapuchapu alisema.

Ukutani aliona mabonyeo mengi. Akaona haya. Mgeni aje akute ukuta una ndui? Mjomba wake, fundi mwashi, alikuwa juu ya ngazi akiziba ufa. Basi Chapuchapu akachota saruji kimyakimya kwenye karai la mjomba, akajaza bonyeo moja, akalisawazisha kwa kiganja. Safi kabisa!

Mara Bibi akafika na mkongojo wake. Akaenda moja kwa moja ukutani, akapapasa.

"Hee! Mbona sipo?"

"Hupo kivipi, Bibi?"

"Mke mwenzangu, birika hili wazazi wetu walilijenga kwa mikono yao, na kila familia iliacha alama kwenye lipu mbichi. Mama alikuwa amenibeba mgongoni. Akanishusha, akagandamiza unyayo wangu hapa. Kumbukumbu ya utoto wangu ni hiyo tu, sina nyingine."

Chapuchapu akakitazama kiganja chake chenye saruji. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, lawama zitamwangukia mjomba, mwenye saruji. Na saruji ikikauka, unyayo wa Bibi ndio basi tena.

"Ni mimi, Bibi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nimeuziba. Nilidhani ni ubovu."

Bibi akashika kiuno. Mjomba akashuka mbio, akagusa ukuta. "Bado mbichi! Lete maji na kitambaa, mpwa wangu. Na leo, tafadhali, polepole."

Chapuchapu akafuta, akasuuza, akafuta tena. Kikatokea kisigino, kisha vidole vitano vidogo kama punje za mahindi.

Ofisa akawakuta papo hapo, akifuatwa na watu wa mji. "Unyayo wa nani huo?"

"Wangu," Bibi akajibu, akivua kandambili na kuinua mguu. "Umekua kidogo tu."

Watu wakaangua kicheko. Wanafunzi nao wakaanza kutafuta alama za familia zao, wakiitana kwa kelele. Ofisa alizitazama moja moja, kisha akafunga mkoba wake.

"Hili halivunjwi. Nani atawaonyesha wageni?"

Bibi akamsukuma Chapuchapu mbele. "Huyu hapa. Amekosa, lakini amesema kweli mapema, ndiyo maana nimeonekana tena. Ila sikiliza, mjukuu wangu: kitu cha wazee usikitengeneze kabla hujawauliza wenyewe. Ungenyamaza leo, ningefutika nikiwa hai."

"Nimesikia, Bibi."

Kisha akakigeukia kile kikundi cha watu, kichwa juu kwa fahari.

"Karibuni," akasema. "Tuanze na bibi yangu."