Kuni za Atakayefuata

Abel alikutwa kifudifudi sakafuni mwa kibanda cha wasafiri, amekauka kama gogo. Nje, pikipiki yake ya theluji ilikuwa imefunikwa na barafu.

"Ameteleza, akapiga kichwa, baridi ikammaliza," alisema Konstebo Hubert. "Tufunge jalada, Inspekta, kabla na sisi hatujaganda."

Inspekta Edna Chitze alipapasa kisogo cha marehemu. Mfupa ulikuwa umebonyea. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai iliyoganda. Akafungua jiko la chuma: kuni kavu zimepangwa vizuri, kiberiti juu yake.

"Si desturi?" alisema Hubert. "Anayeondoka humwandalia atakayefuata."

"Abel hakuondoka, Hubert. Aliwasha moto, akachemsha chai, akafa. Nani alipanga kuni hizi?"

Hubert alichungulia ndani ya jiko.

Edna alichomoa kijiti cha kuwashia. Kilichongwa pande zote mbili, nyuzi zikining'inia kama mkia wa kware, na ncha imepasuliwa msalaba. Akakitia mfukoni.

Kijijini alipita nyumba hadi nyumba akiomba kuwashiwa moto, mpaka akafika kwa mzee Silas.

"Mjomba, nimeganda."

"Polisi mzima unashindwa na baridi? Mama yako alivuka mto huu na mimba yako, wala hakulalamika!"

Silas alicheka, akachukua kisu, akachonga kijiti pande zote mbili. Akakipasua ncha msalaba. Edna akaweka cha mfukoni kando yake.

Kicheko kilikatika.

"Ulikuwa kibandani na Abel."

"Nilikuwepo."

"Ulimpiga na nini?"

"Kisogo cha shoka."

"Kwa nini?"

"Baridi iliyopita Abel alilala pale, akachoma kuni zote, akaondoka bila kuacha hata kibanzi. Mwanangu Rhoda akafika amelowa, barafu ya mto imemkatikia. Tulimkuta ameganda, ameshika kiberiti, binti. Sikujua ni nani aliyelala pale kabla yake. Juzi tunakunywa chai, Abel akaniambia mwenyewe, tena anacheka. Eti siku ile alikuwa na haraka."

Rhoda alikuwa rafiki yake Edna.

"Ungeliacha jiko na majivu yake, mjomba, tungesema ameanguka. Kwa nini ulipanga kuni?"

Silas alimtazama kama aliyeulizwa upuuzi.

"Na mtoto wa mwingine je, angefika amelowa?"

Edna alilia waziwazi, na alikuwa bado analia alipomfunga pingu.