Polisi wa Lengalenga

Kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba ndogo ya Shively, pembeni mwa Louisville, Kentucky, Teta alitumikia kifungo chake cha kawaida: vyombo, zulia na meza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Hakuwahi kukata rufaa, kwa sababu hakimu alikuwa mama yake.

Kifungo kikiisha, alimpigia simu binamu yake Gatera, aliyeishi Columbus, Ohio. Wawili hao walikuwa na kipaji kikubwa ambacho shule, kwa bahati mbaya, hazikitolei cheti: kuiga sauti. Teta aliweza kuunguruma Kiingereza kama mzee mwenye kitambi. Gatera alimwiga baba yake, Ruberwa, mkalimani wa mahakama, mtu aliyesema "mheshimiwa" hata akiomba chumvi.

Jumamosi hiyo waliamua kumtania Bibi Leya, aliyewazaa mama yake Teta na baba yake Gatera. Bibi aliishi peke yake Buffalo, New York, upande wa East Side. Alipenda kuchuma lengalenga, yaani mchicha, katika kiwanja cha jirani yake aitwaye Florida, aliyemruhusu tangu zamani. Mboga hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa jinai.

Walificha namba zao, wakapiga simu kwa pamoja. Bibi alipopokea, Teta aliunguruma, na Gatera akatafsiri kwa utulivu mkubwa.

"Mama, mimi ni mkalimani. Kuna ofisa wa polisi kwenye simu. Anasema umechuma mboga bila kibali cha jimbo."

Bibi hakushuku kitu; sauti ya kazini ya mwanawe hakuwahi kuisikia. Hospitali, shule, hata ofisi ya umeme zilizungumza naye hivyo hivyo, kupitia mkalimani asiyeonekana.

"Kibali?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekonda ghafla.

"Ofisa anauliza nani alikuruhusu kuingia kiwanjani."

"Hakuna. Niliingia mimi mwenyewe."

Teta alijibana pua asicheke, akaunguruma tena.

"Anauliza nani wengine walikula hizo mboga. Amesikia kwamba wajukuu zako walikuja likizo, wakala hadi wakalamba sahani."

Bibi akasema, "Hapana, mwanangu. Wajukuu wangu hawakukula. Nilikula peke yangu. Andika jina langu tu. Nitawangoja."

Simu ikakatika.

Gatera aliangua kicheko. "Umesikia? Hawakukula! Wewe ulikula sufuria nzima!"

Teta hakucheka. Bibi Leya, aliyewafundisha watoto wa kanisa lake Amri Kumi, alikuwa amedanganya mara mbili: kwanza kumlinda Florida, halafu kuwalinda wao.

"Tumpigie tena, tumwambie," alisema.

Walipiga. Simu ilikuwa imezimwa.

Teta angeweza kunyamaza. Namba ilifichwa, na sauti ile haikufanana na yake. Lakini alikumbuka jambo ambalo mama yake alimsimulia mara moja tu: kule milimani, Kivu Kusini, nchini Kongo, Babu aliitwa na watu wenye sare. Alienda, wala hakurudi.

Alimkuta mama yake akikunja nguo. "Mama, nimefanya kitu kibaya," alisema, akaeleza yote.

Mama hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Teta zaidi. Alimpigia Florida, akamwomba aende kubisha mlango wa Bibi. Baada ya muda Florida alipiga simu.

"Hafungui. Nimemwambia ni utani wa watoto, anasema ninamficha tu. Anangoja polisi."

"Bon, haya," alisema Mama. "Teta, vaa viatu. Hatamwamini mtu mwingine."

Walipitia Columbus kuwachukua Ruberwa na Gatera. Gatera aliingia garini akiwa amenywea kama shati lililofuliwa vibaya.

"Baba," aliuliza, "tutafungwa?"

"Kila jimbo lina sheria zake," alijibu Ruberwa, na safari hii hakusema mheshimiwa. "Kule Kentucky, kujifanya polisi ili mtu akutii ni kosa kubwa. Mtu mzima anaweza kufungwa miaka. Hapa Ohio adhabu inaweza kuwa siku tu, kama hakuna baya lingine. New York wanaangalia pia ulifanya nini ukijificha ndani ya uongo huo. Watoto huwa na mahakama yao. Lakini sijaona jimbo linaloita kitu hicho mchezo." Akamtazama mwanawe. "Nami, Gatera, niliapa kutafsiri kweli. Umetumia sauti yangu kumtisha mama yangu."

Gatera aligeukia dirisha, akalia taratibu.

Walifika Buffalo jua likielekea kuzama. Teta alibisha. "Bibi, ni mimi, Teta!"

Mlango ulifunguliwa upesi. Bibi alikuwa amevaa gauni la kanisani, na begi lilikuwa miguuni pake. Alimvuta Teta ndani. "Umekuja kufanya nini? Polisi wako njiani! Wakiuliza, sema hukula!"

"Bibi, hakuna polisi. Polisi ni mimi." Teta akaunguruma kidogo, kwa aibu.

"Na mkalimani ni mimi," alisema Gatera.

Bibi aliwatazama, akaketi juu ya begi lake. Teta alipiga magoti, akamshika mikono.

"Utusamehe, Bibi."

"Ruberwa," Bibi aliuliza hatimaye, "sheria inasema nini?"

"Mama, leo wewe ndiye hakimu."

Bibi alifikiri. "Bon. Sikilizeni. Utani ni kitu ambacho wote wawili tunacheka. Nyinyi mmecheka, mimi nimefunga begi. Huo si utani tena. Lakini mmekuja kusema kweli kwa mdomo wenu wenyewe, na mimi nimeshawasamehe." Akafuta macho kwa kitambaa. "Adhabu iko. Kesho tukitoka kanisani tutaenda kuchuma lengalenga. Miguu yangu sasa inaogopa kile kiwanja. Mmoja atanishika huku, mwingine huku, mpaka izoee tena."

Kesho yake walitumikia adhabu yao yote, na hakuna aliyekata rufaa.